Chumba cha Hina Kilichoonekana na Nchi Nzima

Hebu mtazame anavyoshuka. Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam imefunga gatini Malindi, Unguja, abiria wanasukumana na mabegi yao, wachukuzi wanagombea wateja, na katikati ya vurugu hiyo yumo mwanamke wa miaka arubaini na mbili, mfupi, buibui limekunjamana kwa kukaliwa, mkononi ameshika ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko. Hajafika hata getini, wasichana watatu wa skuli wameshamwona.

"Bi Amne! Bi Amne wa Mkono wa Dhahabu!"

Simu zikapanda juu. Na yeye, maskini, akageuka nyuma kutazama ni Bi Amne gani huyo anayeitwa.

"Ni wewe, Bi Amne! Shikamoo! Umeshinda?"

"Marahaba, wanangu. Nshakwambieni nimeshinda?" Akacheka, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio. Alikuwa ametia sahihi kwamba hatasema nani ameshinda mpaka mashindano ya Mkono wa Dhahabu yaishe kuoneshwa kwenye televisheni.

Mumewe, Mbarouk, ambaye ni kuli palepale bandarini, alikuja kumpokea ile ndoo. Walipotoka nje ya geti, akamuuliza:

"Tangu lini watu wakawa wanakuamkia na simu?"

"Matangazo yameanza, Mbarouk. Yanaonesha uso wangu."

"Hata mimi uso wako nimeuona. Umebandikwa kwenye ukuta pale Darajani, mkubwa kama mlango. Nikasema, huyu mke wangu nimempeleka Dar au nimemuuza?"

Walicheka wote wawili. Lakini Bi Amne aliniambia baadaye kwamba Mbarouk alicheka kwa mdomo tu.

Sasa nikujulishe huyu ni nani, maana mimi ninakaa nyumba ya pili kutoka kwao, huku Mkunazini, na nimemjua tangu anasoma chuo cha Kurani. Bi Amne Simai ni mpakaji hina. Kazi hiyo kaichukua kwa mama yake, na mpaka mwaka huu amewapaka mabibi harusi kwa miaka ishirini na mbili. Unga anausaga mwenyewe, anauchekecha kwa kitambaa cha mtandio wa zamani, anaukanda kwa ndimu na mafuta ya karafuu, halafu anaulaza. Ukipita uchochoroni kwake siku ya Jumatano unaijua harufu hiyo, na unajua wiki hiyo kuna harusi.

Lakini kupaka maua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukaa. Bibi harusi akishapakwa mikono yote na miguu yote, hana la kufanya kwa saa nne au tano. Hawezi kujikuna, hawezi kushika kikombe, hata kamasi anafutwa. Madirisha yamefungwa, wanaume hawakanyagi, na aliye mbele yake ni mpakaji peke yake. Basi hapo msichana anasema. Anasema hofu yake, anasema la mama mkwe, anasema mambo ambayo hata somo wake, anayemfunda mambo ya ndoa, hajayasikia. Na mpakaji naye anatia hadithi, ili bibi harusi asisinzie akaja akajifutia maua usoni. Mama yake Bi Amne alimpa sharti moja tu: yanayosemwa ndani ya chumba cha hina yasivuke mlango. Kwa sharti hilo nyumba za mji huu zilimfungulia. Wenye mkono mzuri wapo wengi, hata wasichana wadogo siku hizi wanachora vizuri kumshinda. Yeye aliitwa kwa sababu ya mdomo wake.

Aliyempeleka mashindanoni ni binamu yake, Ummkulthum. Alimrekodi kidogo akipaka, akaituma video Dar bila kumuuliza. Siku tano hazikupita, simu ikaja: Bi Amne amechaguliwa kati ya wapakaji kumi wa nchi nzima, watakaa nyumba moja wiki tano, watashindana, na televisheni itaonesha. Chakula kipo, kitanda kipo, nauli ya boti ipo.

Mbarouk aliisoma ile karatasi ya masharti, au niseme alijaribu, maana ilikuwa na kurasa kumi na nne.

"Mie bandarini nna miaka kumi na tisa," akasema, "sijaona mzigo unaovushwa bure. Kama wanakuvusha bure, na wewe huna unachokiuza, basi jiulize mzigo ni upi."

"Wivu huo," Ummkulthum akamjibu. "Mwanamke akipata jina, mume anaumwa tumbo."

"Tumbo langu zima, shemeji. Nnauliza tu."

Bi Amne mwenyewe alitoa sharti moja. Alisema hatakaa na kamera ya mwanamme. Kama chumbani kwake ataingia mpiga picha, awe mwanamke. Na wao walikubali palepale kwenye simu, hata pumzi hawakuvuta.

"Wamekubali upesi mno," Mbarouk akasema.

Basi hapo ndipo lilipokuwa kosa, na ningependa ulielewe vizuri kwa sababu mtu wa kwengine asingelifanya. Kwa Bi Amne, na kwa wanawake wengi wa hapa, chumba kikishakuwa cha wanawake watupu basi kimefungwa. Mtandio unavuliwa, sauti inapandishwa, na maneno yanakaa humo humo. Hakuna aliyemwambia kwamba huko alikokwenda mlango haufungwi na mwanamke wala mwanamme.

Mpiga picha aliyepewa aliitwa Kurwa, msichana wa Dar, mchangamfu, anamwita "mama" kila neno. Alimbebea ndoo, alimwamsha alfajiri asikose sala, siku alipoumwa kichwa alimpikia uji. Wiki ya tatu, alasiri moja, wenzao wako nje uani, Kurwa aliingia chumbani, akaiweka kamera juu ya meza, kioo chake kikitazama ukuta. Akanyoosha mkono.

"Mama, nipake na mimi. Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao, nataka nimwoneshe."

Ungelimkatalia? Bi Amne alikaa chini, akaikata ncha ya koni, kile kifuko cha kuchorea hina, akaanza. Na kama alivyozoea, mkono ulipoanza kwenda, mdomo nao ukafuata. Kinasa sauti kidogo cha watu wa televisheni alikuwa nacho kifuani, chini ya kanga. Alikuwa akibanwa nacho tangu asubuhi kila siku, kama bruchi, na wiki tatu zilitosha kumsahaulisha.

Akamhadithia Kurwa habari ya bibi harusi mmoja. Hapa kwetu, wengi wanapenda herufi ya jina la bwana harusi ifichwe ndani ya maua ya kiganja, halafu bwana aitafute, wacheke. Bibi harusi huyo alimwomba Bi Amne aandike kwanza herufi nyengine, ya kijana aliyewahi kumtaka akaenda zake Muscat, kisha aifunike kwa waridi kubwa asiione mtu, na herufi ya mume aiweke pembeni. Hakuna baya lililopita baina yao. Alitaka tu kuaga, kwa namna yake. Bi Amne alimwandikia, akamfunika, na msichana akalia kidogo, akanyamaza.

Jina hakulitaja. Wallahi hakulitaja. Ila alisema: "Na huyo nilimpaka mara mbili, maana bwana harusi alikwama Dar boti zilipozuiwa kwa upepo, harusi ikangoja siku mbili."

Wewe msomaji wa mbali hilo halikwambii kitu. Lakini mji huu ni mdogo, na harusi iliyongoja siku mbili, pilau likagaiwa mtaa mzima lisiharibike, ni moja tu. Wengine sahani walikuwa bado hawajazirudisha.

Basi turudi pale tulipomwacha, ameshuka boti. Wiki mbili za mwanzo za kuoneshwa mashindano zilikuwa za furaha, siwezi kuficha. Alipokwenda sokoni Darajani wauza samaki walimchagulia changu mzuri na kumwita kwa jina. Watu wasiomjua walimsimamisha njiani wapigwe naye picha. Hoteli moja ya Bwejuu ilimwita akawapake wageni pembeni ya bwawa la kuogelea. Mimi nilimwuliza, "Raha?" Akanijibu, "Raha. Lakini kila anayenitazama, nahisi kama kuna kitu anakijua mimi sikijui."

Wiki ya tatu ikafika. Ummkulthum aliwaita wanawake kama ishirini sebuleni kwake, akatengeneza kachori na juisi ya ukwaju, wamwangalie nyota wao. Bi Amne alikaa katikati kwenye kochi.

Picha ikaja, mikono ya Bi Amne na mkono wa Kurwa. Yule aliyekielekeza kioo cha kamera ukutani alisahau kumwambia kwamba juu ya kabati kulikuwa na kamera nyengine. Wakaweka muziki wa huzuni. Kisha ikasikika sauti ya Bi Amne, safi kabisa, habari ya herufi na waridi, neno kwa neno mpaka kwenye boti na upepo. Pale alipomalizia kwa kumwambia Kurwa kwamba msichana huyo sasa ana raha na mumewe, kila akimwona anamkumbatia, hilo walilikata. Badala yake wakamwonesha Bi Amne akicheka, kichwa nyuma, meno yote nje.

"Kanga si hiyo!" Bi Amne akasema kwa nguvu. "Tazameni, hiyo kanga ya manjano ni ya siku ya paka! Nilimcheka paka aliyeingia kwenye sufuria! Siku ile nilivaa ya buluu!"

Hakuna aliyekuwa anaangalia kanga. Mwanamke mmoja pembeni alikuwa anahesabu taratibu kwa vidole.

"Harusi iliyongoja boti… si ya Ulfat, mtoto wa Bi Rukaiya?"

Kisha mmoja akakumbuka ameacha chungu motoni, wa pili mtoto wake ana homa, wa tatu akavaa tu viatu. Juisi ilibaki nusu gilasi.

Sasa lililokuwa hatarini ulijue, lisikupotee: kuingia. Mpakaji asiyeingizwa chumbani ameshakwisha, hata akiwa na mkono wa namna gani. Wiki ileile harusi tatu zilimtoka. Nyumba ya kwanza walisema wamepata jamaa wa kuwasaidia. Ya pili walimwomba bibi harusi aletwe kwake, yeye asiende. Ya tatu, huko Vuga, alifika na ndoo yake, mama mwenye nyumba akamsimamisha mlangoni.

"Bi Amne, usinielewe vibaya. Vua buibui tukutazame."

"Mnitazame nini?"

"Si kitu. Siku hizi vile vidude vidogo mno."

Akavua. Alipapaswa mabega, kifua, mpaka ndani ya ndoo ya hina wakatia kijiko. Walipomaliza akafunga mfuniko wake, akaondoka bila kupaka.

Nje, mambo yalikuwa kinyume. Vijana walimpa jina, "Bi Siri," na hoteli ya Bwejuu ikampigia mara mbili, na nyengine ya Matemwe ikafuata, wote wanataka Bi Siri awapake wageni na kuwahadithia. Kadiri alivyojulikana na wasiomhusu, ndivyo wanaomhusu walivyomfungia.

Alimpigia Kurwa.

"Mama, nililia," Kurwa akasema. "Niliwaambia wakate."

"Uliwaambia lini? Kabla hujaninyooshea mkono au baada?"

Kurwa akaanza kuwataja wakubwa wake, Bi Amne akamkatiza.

"Mdogo wako ameshaolewa?"

"Mama… ulitia sahihi. Ukurasa wa tisa. Lakini sikiliza, wanataka kukusaidia. Wanafanya kipindi maalumu, urudi useme yako. Wanauliza kama yule bibi harusi atakubali kuja na yeye."

Bi Amne alikata simu. Mpaka leo hajui kama msichana yule alikuwa na mdogo.

Ikabaki kwenda kwa Bi Rukaiya, na huko ndiko alikoogopa. Alikwenda baada ya sala ya adhuhuri, mikono mitupu.

"Shikamoo, Bi Rukaiya."

"Marahaba." Hakumkaribisha kiti. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Una hakika?"

Bi Amne aliomba radhi. Aliomba kwa kupiga magoti. Bi Rukaiya alimsikiliza, akamwita mwanawe ndani, na Ulfat, aliyekuja kumtembelea mama yake siku hiyo, akatoka, amekonda.

"Mume wangu hajaniacha, Bi Amne," Ulfat akasema. "Talib hajanitukana hata mara moja. Kila akirudi kazini ananishika mkono, anakigeuza kiganja, anakitazama. Hina ilishatoka zamani. Sijui anatafuta nini."

"Nifanye lipi, mwanangu? Nimwendee nimweleze?"

"Nshamweleza yote, na anasema ameelewa." Akamtazama mama yake. "Anataka jambo moja. Uje Ijumaa unipake mbele yake. Herufi yake peke yake, katikati ya kiganja, bila ya ua. Anasema akishaiona ikiandikwa, moyo wake utatulia."

Mambo ya hina mbele ya mume si desturi, lakini Bi Amne angekubali hata kuipaka nyumba nzima. Ijumaa alifika nyumbani kwa Talib. Sebuleni walikuwa wanne: Ulfat, Bi Rukaiya, Talib na yeye. Talib alikuwa kijana mpole, alimletea mto wa kukalia, akamuuliza hali ya Mbarouk. Bi Amne akasema bismillahi, akakishika kiganja cha Ulfat, akaanza mstari wa kwanza. Alipouinua uso apate kuvuta pumzi, alimwona Talib amesimama, simu mkononi, ameielekeza kwao.

"Unafanya nini, baba?"

"Narekodi tu. Endelea, Bi Amne. Uliposema, nchi nzima imesikia. Ukiandika, nao waone."

"Utairusha?"

"Mimi ndiye niliyechekwa. Kazini wananiita Waridi. Nina haki au sina?"

Bi Amne alimtazama Bi Rukaiya. Bi Rukaiya alikuwa anatazama zulia. Alimtazama Ulfat, na Ulfat alimkazia macho, lakini macho yale, Bi Amne ananiambia, hakuyafahamu. Yalikuwa yakimwambia endelea, au yakimwambia wacha? Amewasoma mabibi harusi miaka ishirini na mbili, na siku hiyo hakuweza kusoma.

"Izime, mwanangu," akasema. "Izime nikuandikie herufi kubwa kuliko mkono."

"Andika kwanza."

Hapo Bi Amne akaiweka chini koni. Akachukua kitambaa, akafuta vidole vyake kimoja kimoja, akavaa mtandio wake sawasawa, akatoka. Nyuma aliacha mstari mmoja wa hina kwenye kiganja cha Ulfat, usiokuwa herufi ya mtu yeyote.

Jumatatu yake, nyumba moja ya Malindi ilimpigia simu. Jumatano ya pili. Wote walikuwa na maneno mamoja: "Tumesikia ulivyoikataa kamera, Bi Amne. Njoo, chumba kinakungoja." Mwezi huu ana harusi nne, na uchochoro wetu unanukia karafuu tena. Simu za hoteli za Bwejuu na Matemwe hapokei.

Ulfat yuko kwa mama yake tangu Ijumaa ileile. Talib hajamfuata wala hajatuma mtu.

Mimi kwa Bi Amne nimefurahi, ni jirani yangu, na kachori za harusi zinanifikia. Lakini juzi, akichekecha unga wake, nilimuuliza swali ambalo sikutaka kumuuliza. Sebuleni walikuwa wanne. Talib hakuwa na sababu ya kusema kwamba amekataliwa. Ulfat hatoki. Bi Rukaiya hazungumzi na mtu. Basi habari ya kuikataa kamera iliifikiaje nyumba ya Malindi kabla ya Jumatatu?

Aliacha kuchekecha. Akaniambia, "Mbarouk naye kaniuliza hivyo hivyo." Kisha akaendelea na unga wake, na mimi sikumuuliza tena.

Nimelichukua hilo nikalala nalo, na sasa nakuachia wewe uliyenisikiliza mpaka hapa: Ijumaa ile, Bi Amne alipoiweka chini koni yake, alikuwa anamsitiri nani: Ulfat, au yeye mwenyewe?